Ubao wa Jeki

Mume wangu si makanika. Nasema mapema kwa sababu ukimkuta Jumamosi asubuhi nje ya nyumba yetu hapa Kisumu, amevaa ovaroli ya bluu na kitambaa kimening'inia mfukoni, unaweza kumkabidhi gari lako ukaenda zako sokoni. Kazi yake ni kufundisha hesabu. Umakanika ameusomea kwenye simu, usiku kwa mchana, na anaujua vizuri kuliko anavyoujua mkono wake.

Kila Jumamosi anapima oili, anatazama maji, anajaza upepo kwenye magurudumu yote manne na lile la akiba pia. Hayo sina neno nayo. Kinachonichosha ni mahubiri. Jirani akipita tu na ndoo yake ya maji, anasimamishwa. Usifungue kifuniko cha radieta injini ikiwa moto. Legeza nati kwanza, ndipo uinue gari. Vuta handbreki, zuia gurudumu kwa jiwe. Na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata ukiitwa na nani. Watoto wetu walikuwa wamekariri hiyo ya mwisho, wakiisema mezani kwa sauti ya baba yao tukacheka hadi chai inamwagika.

Basi ikafika siku ya macho ya Mama.

Mama yangu anaishi ng'ambo ya Ahero, karibu na mashamba ya mpunga. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na hali ilikuwa imefika mahali pa kumimina chai kando ya kikombe huku akisisitiza kwamba ni kikombe kilichosogea. Tulikuwa tumengoja zamu yake ya upasuaji hospitalini Kisumu muda mrefu sana. Hatimaye tukapigiwa simu: tufike kabla ya saa nne asubuhi. Daktari huyo huja mara chache, na anayekosa siku yake anarudishwa mwisho wa orodha. Mama alisema hawezi kurudi mwisho wa orodha, kwa sababu huko mwisho hataona hata njia ya kuendea choo.

Tungeweza kukodi gari la mtu. Mume wangu akakataa katakata. "Mama mkwe wangu apelekwe na dereva wa kukodi, na mimi nipo?"

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi karibu wala hawatazamani usoni. Kwao mume wangu, upande wa Kakamega, ni zaidi ya kwetu. Watu wengi mjini wameyaacha hayo, lakini si hawa wawili wangu. Wao wamependana kwa kukwepana. Mama akitaka kumwambia mkwewe neno, ananiambia mimi, na mkwewe yuko pale pale anasikia. Naye ananijibu mimi. Wote wanajua Kiswahili vizuri. Mimi ni redio yao.

Tuliondoka Kisumu alfajiri kumfuata, tukamkuta yuko tayari mlangoni na mkoba wake na ubao wake. Ubao huo nauelezea: ni kipande cha mti mgumu, kinene kama biblia ya kanisani, kipana kiasi cha kukaliwa na mtu mmoja. Anaukalia akichagua mchele, akichambua dagaa wa omena, akingoja chochote. Haendi popote bila huo. Nilimwambia hospitalini kuna viti. Akasema viti vya hospitali vina watu.

Aliketi nyuma kushoto, mbali kabisa na dereva. Tulikuwa hatujafika Ahero gari likaanza kuchechemea. Mume wangu akalitoa barabarani polepole, akashuka, akazunguka, akarudi na uso wa mtu aliyefiwa.

"Ni pancha," akaniambia kwa kunong'ona. "Nyuma kushoto."

Yaani lile gurudumu lililokuwa chini ya Mama kabisa. Sasa nani atamwambia Mama ashuke, na atamwambiaje bila kuonekana kama anasema kitu kuhusu uzito wake? Redio.

"Mama, tushuke kidogo, gari linainuliwa."

"Nimejua tangu kitambo," akasema Mama akishuka. "Limekuwa likipiga makofi."

Akatembea hatua chache, akaweka ubao wake majanini, akaketi akitupa mgongo. Alifanya hivyo kwa heshima, mkwe wake apate kuinama bila aibu. Mume wangu naye akahangaika kutafuta namna ya kuchuchumaa ambayo haitamwelekezea mama mkwe makalio, hata kama mama mkwe hatazami, hata kama akitazama haoni. Alizunguka lile gurudumu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilicheka, akanikata jicho.

Nimtendee haki. Alikata matawi akayapanga barabarani nyuma ya gari kuwaonya madereva. Alivuta handbreki. Alilegeza nati kabla ya kuinua. Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na udongo wa huku uwanda wa Kano mnaujua: mweusi, laini, unaonata kama ugali usioiva. Tena mawe hakuna. Unaweza kutembea uwanda ule asubuhi yote usijikwae.

Mama akauliza mgongo wake ukiwa umetuelekea: "Muulize kama ameweka jiwe."

"Mama anauliza kama umeweka jiwe."

Mume wangu alikuwa ametupa bonge la udongo mbele ya gurudumu. "Mwambie nimeweka."

"Nimesikia udongo," akasema Mama. "Jiwe halilii hivyo. Na jeki ameikalisha juu ya nini?"

Aliikalisha juu ya tope. Mama akainuka, akauokota ubao, akaunyoosha kwangu. "Mpe aweke chini ya jeki."

Wacha nieleze. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa trekta pale kwenye mpunga. Trekta lilipokwama, na lilikwama kila wiki, Mama ndiye aliyekuwa akimshikia spana. Anajua jeki. Anaijua kwa sauti. Lakini mume wangu alipoona ubao ule unakuja, alirudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka.

"Yawa! Niweke jeki juu ya kiti cha mama mkwe? Unataka nilaaniwe?"

"Mwambie hicho si kiti," Mama akasema. "Ni ubao wa jeki. Ulikuwa wa baba yako. Ageuze aone."

Nikaugeuza. Sikuwahi kuugeuza maishani. Upande wa chini kulikuwa na alama ya mviringo iliyozama ndani ya mti, ya kitako cha jeki ya trekta, miaka na miaka mahali pamoja. Mume wangu aliitazama, akasema: "Mwambie Mama nashukuru sana. Lakini anaukalia. Siwezi."

"Mwambie ataweza."

"Mwambie siwezi, ni heshima."

"Mwambie heshima haibebi gari."

Wakaendelea hivyo, huyu na yule, na mimi katikati nikigeuza shingo. Saa ilikuwa inakwenda. Mimi nina hasira za karibu, na siku ile sikuwa nimekunywa hata chai. Nikautupa ubao chini.

"Nimechoka kuwa redio yenu! Ongeeni wenyewe! Mtu hata asiyeona anajua una makosa, na wewe unaona vizuri hutaki kusikia. Mimi napiga simu hospitali."

Nikaondoka hatua kumi hivi, nikapiga. Muuguzi akapokea, akaniambia ningoje aulize. Nikangoja na simu sikioni. Nyuma yangu nikasikia jeki ikipanda, gurudumu likitoka, halafu mume wangu akilalamika kwamba nati moja imemponyoka imeingia chini ya gari.

Halafu nikasikia Mama. "Binti yangu. Mwambie asiingie chini."

Nilimsikia. Nataka niliseme hili wazi kwa sababu nimelizunguka miaka miwili. Nilisikia kila neno. Nikainua mkono kumwonyesha kwamba niko kwenye simu, kana kwamba anauona mkono wangu.

"Mwambie atoke. Gari linaongea."

Sikumjibu. Nilikuwa bado nimenuna. Nilijisemea, leo wacha waongee wenyewe.

Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshainuka na kugeukia gari. Mume wangu amelala kifudifudi, kichwa na bega moja chini ya gari, mkono umenyooka kutafuta nati. Mama alikwenda moja kwa moja, mikono mbele, akiifuata sauti ya pumzi yake. Akamkamata mguu. Akavuta. Kiatu kikatoka, akabaki nacho. Akakitia kwapani, akamkamata kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili, akapiga kelele:

"Toka! Toka hapo, mwanangu!"

Akamburuta majanini kama gunia. Jeki ikalala upande. Gari likashuka kwa kishindo kilichonifikia miguuni pale nilipokuwa, na pale kichwa cha mume wangu kilipokuwa kukawa hakuna nafasi hata ya sahani.

Simuni muuguzi alikuwa akisema haloo, haloo.

Mume wangu alikaa kwenye tope, ovaroli yote nyeusi, mguu mmoja una soksi. Mama alikuwa amesimama juu yake na kiatu cha mkwewe kwapani. Ndipo alipokumbuka yeye ni nani na huyu ni nani. Akageuka upesi, akampa mgongo, akakinyoosha kile kiatu hewani upande wangu.

"Mwambie achukue kiatu chake."

Nikakimbia nikakichukua. Kikaniponyoka, nikakiokota. Nikamwambia mume wangu, "Mama anasema chukua kiatu chako," halafu nikaanza kulia kama mtoto. Mume wangu akajaribu kukivaa kwenye mguu uliokuwa na kiatu tayari.

Watu wanne waliokuwa wakipanda mpunga ng'ambo ya mtaro waliona, wakaja. Waliliinua gari kwa bampa, sisi tukafukua jeki kutoka kwenye tope. Mume wangu akauendea ubao mwenyewe. Akaufuta kwa kitambaa chake, pande zote mbili, akauweka chini taratibu, akaikalisha jeki mle mle ndani ya alama ya mviringo. Gurudumu lenye pancha akalilaza chini ya gari, ili hata likishuka lipate cha kulalia. Hiyo pia ni moja ya mahubiri yake. Hakuhubiri. Alifunga nati, na gari halikusogea hata unywele.

Muuguzi alikuwa mtu mwema, akatushikia nafasi. Daktari angeondoka saa sita, na sisi tulifika saa tano na nusu, tukiwa tumepakwa tope kama watengeneza vyungu. Mama akawa wa mwisho siku hiyo. Wakamfanyia jicho moja, wakampa kitanda hadi kesho.

Kesho yake wakamfungua bandeji. Mimi nilikuwa kitandani kando yake, mume wangu amesimama mlangoni, mbali, macho sakafuni kama kawaida yake. Mama akanitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu, akaniambia nimekonda. Halafu akageuza kichwa mlangoni. Mnielewe: mkwe huyu alimjia macho yakiwa tayari yameanza kufifia, na kwa ile heshima yao hakuwahi kumsogelea. Kwa miaka yote alikuwa kivuli chenye sauti.

"Mwambie nimemwona," Mama akasema. "Ana masikio makubwa. Makubwa hivyo, na hasikii!"

Muuguzi alicheka hadi akashika meza. Nikafikisha ujumbe. Mume wangu akayashika masikio yake yote mawili, akasema, "Mwambie Mama siku hizi yanasikia."

Nilingoja Mama aniambie na mimi langu. Aniulize niliufanya nini ule ujumbe wa barabarani. Hakuuliza. Alinishika mkono tu, akavipapasa vidole kimoja kimoja, akaniomba chai.

Tulimrudisha nyumbani alasiri ile. Alishuka mwenyewe, akakataa mkono wangu, akatazama paa lake, akatazama kuku wake akiwahesabu. Akachukua mkoba, akaanza kwenda mlangoni. Mume wangu akafungua buti, akauona ubao umelala ndani, akaniambia haraka:

"Mwambie Mama amesahau ubao wake."

Mama akasimama, mgongo ukiwa kwetu.

"Mwambie sijasahau."

Mume wangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Alisikia, nilimwona akiuma mdomo. Lakini nilimgeukia, nikamfikishia neno kwa neno: "Mama anasema hajasahau."