Joistiki Kabla ya Mvua ya Kwanza

Nilirudi kutoka Uarabuni na sanduku zito kuliko la mtu yeyote niliyesafiri naye. Wenzangu walibeba mablanketi na manukato. Mimi nilibeba joistiki na kontrola za kuchezea gemu za kompyuta, kila moja nimeiviringisha ndani ya soksi. Afisa wa forodha aliniuliza kama mimi ni rubani. Nikamwambia, "Bado."

Mimi ni mtu wa diploma, tuelewane mapema. Ni diploma ya vifaa vya elektroniki, niliyoisomea jioni baada ya kazi, kwa karo niliyojilipia, na sasa iko ukutani ndani ya fremu. Lakini elimu ya kwanza niliipata Bungoma nikiwa kijana, katika saiba moja, chumba cha kompyuta za kulipia, nyuma ya soko. Palikuwa na joistiki moja tu, ya gemu ya ndege, na sheria moja: ukiangusha ndege, unasimama na kumpa mwenzako joistiki. Usipoangusha, kiti ni chako. Mimi nilikuwa nakaa pale mpaka mwenye saiba anazima umeme. Watu walikuja kunitazama tu, kama wanavyotazama mpira.

Kwa hiyo niliporudi sikujiuliza mara mbili. Nilifungua ukumbi wa gemu Kitale, katika chumba cha dada yangu mkubwa. Yeye anaishi Bungoma, analima mahindi Tongaren, na trekta lake analiendesha mwenyewe. Masharti yake yalikuwa mafupi.

"Nakupa mpaka mvua ya kwanza. Ikinyesha na nikute hakuna watu humu, meza zinatoka, mbegu na mbolea zinaingia. Na hiyo diploma utaitundika kwako."

Nilicheka. Mtu aliyeona niliyoyaona ng'ambo haogopeshwi na mbolea.

Wateja walikuja. Wakaketi, wakazisogeza kontrola zangu kando kama mtu anavyosogeza sahani chafu, wakavuta kibodi. Msichana mmoja wa chuo, mwenyeji wa Kiminini, alikuja na kibodi yake mwenyewe kwenye mfuko na kipanya kwenye koti.

"Niaje mkubwa," aliniambia. "Ati hivi vitu bado viko?"

"Hivi ndivyo vitu vyenyewe."

"Ni vya wazee, bana. Kwa hii gemu ya risasi nitakumaliza kabla ugeuke."

Nilichagua joistiki bora kuliko zote, nikaketi. Akanimaliza kabla nigeuke. Tukarudia, akanimaliza tena. Kipanya kinaruka pale jicho linapotazama, ilhali joistiki lazima uivute mpaka ifike. Mtu mwenye akili haelezwi jambo mara nyingi. Wiki hiyo hiyo niliongeza kibodi, kontrola zikarudi kwenye soksi zao.

Ukumbi ukaanza kupata watu, lakini ulikuwa kimya kama maktaba. Kila mmoja na vipokea sauti vyake masikioni, na kibodi yake. Hakuna aliyempa mwenzake kitu chochote. Nikaacha joistiki moja kwenye meza ya kona, pamoja na gemu ya ndege, kwa heshima tu.

Dada alifika asubuhi moja ya Machi, wingu zito limeketi juu ya Mlima Elgon. Nje dereva wake aliegesha pikapu iliyojaa mbolea chini ya turubai. Ndani alikuta viti vitupu na yule msichana wa Kiminini peke yake.

"Watu wako wapi?"

"Wengi wana mtihani chuoni, dada. Wiki ijayo..."

"Na mvua nayo inangoja mtihani?"

Alikwenda kukaa kwenye meza ya kona, apumzishe miguu huku akizipima kuta kwa macho. Mkono wake ukaangukia joistiki.

"Hii gia ni ya nini?"

"Ya kurusha ndege."

"Washa."

Nilimwekea ndege ikiwa angani tayari, nikamwambia aishushe uwanjani. Dada aliona uwanja, akashika joistiki kama anavyoshika ule mkono wa trekta wa kushushia plau, akaisukuma mbele kwa nguvu zake zote. Ndege ikaingia ardhini kwa pua.

"Haki mathe, umelima uwanja wa ndege!" yule msichana akaangua kicheko.

"Nyamaza wewe. Plau haishuki bila kusukumwa."

"Si plau, dada," nikamwambia. "Ishushe taratibu, kama unalaza mtoto. Sasa simama. Ukianguka unatoka, ndiyo sheria."

Msichana akaketi, akashika joistiki kwa mara ya kwanza maishani, na ndege yake ikagonga mlima.

"Aha!" dada akapiga meza. "Toka! Nipe!"

Nipe. Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu nifungue ukumbi. Fundi cherehani wa mlango wa pili alichungulia kuona kelele ni za nini, akabaki. Mama wa mboga akamfuata, kitambaa begani, akauliza foleni inaanzia wapi. Akaanguka fundi, akaanguka mama wa mboga, na kila aliyeanguka alisukumwa kitini kwa mizaha.

Zamu ya dada iliporudi, mabati yakaanza kulia. Mvua ya kwanza. Nilimtazama, naye macho hayakutoka kwenye kioo. Dereva wa pikapu akasimama mlangoni, kichwa kimelowa.

"Mama, imenyesha! Tuingize mbolea?"

"Si iko na turubai?"

"Lakini ulisema..."

"Nilisema, nilisema! Sijaanguka bado. Hapa kuna sheria."

Akaishusha taratibu. Ndege ikaruka kidogo, ikayumba, ikasimama. Kelele zilizopigwa zilizidi za mabati.

Mbolea ilirudi Bungoma jioni hiyo na kukaa sebuleni kwake msimu mzima. Kibodi ndizo zinazolipa stima, sibishani na ukweli. Lakini dada akinipigia simu kutoka Tongaren, habari ya kodi ya chumba huja mwisho. Kwanza huuliza, "Nani ameketi pale kwangu?"