Penseli Hewani

Msahihishaji wa kiwanda chetu cha uchapaji husoma kwa kunong'ona, penseli ikiwa hewani. Kwenye mkato penseli huinama kidogo. Kwenye nukta-mkato hushuka ikaikaribia meza, isiiguse. Kwenye nukta huilaza, tak, kama mtu aliyeshiba akiweka kijiko. "Sentensi za tumbo moja usizijengee ukuta katikati," hutuambia. "Ziache zisikilizane." Tukimtania, husonya, akaendelea na kazi yake.

Jana binti wa kaka yake alileta tangazo la msiba wa baba yake lichapwe. Msahihishaji na huyo kaka aliyefariki walikuwa wamenuniana tangu mazishi ya mama yao, hata salamu hakuna. "Shangazi, pitia haraka, watu wanasubiri." Akanong'ona mpaka mstari wa mwisho: "Alimpenda sana dada yake. Hakuwahi kumwambia." Nukta ya katikati akaifuta, akaweka nukta-mkato. Akausoma tena mstari wote, polepole, na alipofika mwisho hakuilaza penseli.

"Tayari, shangazi? Hapo ndipo mwisho."

"Najua, mwanangu," alisema. "Ila nilikuwa na la kumjibu."