Baba Baruti Hufumba Macho

Mgeni huyu aliyehamia mtaani kwetu kutengeneza filamu za mapigano kila mlango huupiga teke kidogo, asikie kama unafaa kuvunjwa. Katika filamu zake, mimi ndiye maiti wake mkuu. Hakuna afaye kama mimi. Yeye tunamwita Baba Baruti, lakini mlipuko ukikaribia huziba masikio na kufumba macho. Juzi tulilipua gari lake mwenyewe, la pekee. Likiharibika bure, filamu imekufa.

“Mjomba, limelipuka vizuri?” akauliza, macho bado kayafumba.

“Vizuri mno, mwanangu!” nikamjibu, nami nimefumba.

Kumbe kamera iliona yote: moto mkubwa, na mbele yake wanaume wawili tumekumbatiana kama maharusi. Nikajua tumekwisha. Akaitazama picha, akacheka.

“Iache hivyo hivyo, Mjomba. Filamu ilikosa mapenzi.”