Mistari Saba Juu ya Mninga

Gozbert hajui kukaa. Hata ugali wa mchana, pale kando ya barabara ya Keko anapotengenezea vitanda, huula amesimama, mguu mmoja juu ya gogo, simu kando ya sahani. Aliingia mjini ana miaka kumi na tisa, akitokea Muleba. Leo ana arobaini na sita, na mikono yake inaujua mninga kama ulimi unavyoyajua meno. Ila miaka tisa sasa mikono hiyo ina bwana mwingine.

Ilianza kwa mia tano. Alibeti mkeka, tiketi moja ya mechi saba, zikatiki zote kama alivyotabiri, akapata laki tatu na themanini. Heri ungechanika siku ile. Tangu hapo, kila Jumamosi huweka elfu moja, elfu mbili, mechi kumi na mbili kwenye mkeka mmoja, akisubiri mamilioni. Ikikosea mechi moja tu, mkeka wote umechanika. Binti yake Recho, wa kidato cha tatu, siku moja alimchomoa penseli sikioni akamfanyia hesabu juu ya ubao. Hata kama kila mechi ingekuwa sawa na kurusha sarafu, kupatia zote kumi na mbili ni mara moja katika mara elfu nne na tisini na sita.

"Jumamosi kwa Jumamosi, baba, ni karibu miaka themanini."

"Sasa hiyo mara moja," Gozbert akamjibu, "si lazima iangukie Jumamosi ya mtu?"

Ubao ule aliukata akaufanya chaga ya kitanda.

Ndipo Bi Bahiya, mwenye duka la vitambaa Temeke, alipoagiza kitanda kimoja cha mninga. Kikimpendeza, angempa kazi ya vingine sita vya nyumba yake ya wageni. Vitanda sita! Gozbert angetoka juani, akapanga fremu ya biashara yenye paa na mlango wa kufunga. Kitanda kile cha kwanza kilibaki kupakwa vanishi tu, jioni ya Jumamosi.

Vanishi haitaki mtu wa kusitasita. Ukianza ubao wa kichwani unakwenda nao mpaka mwisho ungali mbichi. Ukisimama, ulikopaka kunaanza kukauka, na ukirudi unaacha mstari. Gozbert amewafundisha wengi jambo hilo. Lakini jioni ile mechi tisa zilikuwa zimeshatiki, na tatu zinachezwa. Simu ikatetemeka, akaweka brashi. Bao! Akapaka shibiri mbili, ikatetemeka tena.

Gaudens, fundi makochi wa banda la jirani, akaangua kicheko. "Braza, unakipaka hicho kitanda au unakidonoa?"

"Niache, Gaudens. Leo ndo leo."

Dakika ya tisini na nne timu yake ya mwisho ikasawazishiwa.

Asubuhi Bi Bahiya alifika, akaamkiwa, akaitikia. Hakukitazama kitanda. Alikipapasa kwa kiganja, kama anavyopapasa jora dukani, na kiganja kikawa kinakwenda, kinasita.

"Fundi, hapa ulisimama. Na hapa." Akahesabu mpaka saba. "Ulikuwa unaumwa?"

Angeweza kusema ndiyo. "Hapana, Bi Bahiya. Nilikuwa na mpira."

"Haya. Narudi kabla ya magharibi. Nikiikuta hii mistari, hiki nitakichukua, maana niliahidi. Vile sita atatengeneza mwingine."

Gozbert alipiga msasa mpaka vidole vikaingia ganzi. Na tayari alfajiri alikuwa ameshaweka mkeka mwingine. Saa tisa, mechi ya kwanza ilipokaribia kuanza, aliitumbukiza simu kwenye kasha la misumari, akaweka kifuniko, akakaza skrubu sita.

"Umeizika?" Gaudens akauliza.

"Nimeifunga."

"Itakufa na njaa, masikini."

Akachovya brashi. Hakuwa amefika hata robo ya ubao, kasha likaunguruma. Bega likamruka, brashi haikusimama. Likaunguruma tena. Jasho likamwingia jichoni, akaliacha humo. Mara ya tatu mngurumo ulikuwa mrefu, na Gaudens alikuwa ameacha kucheka, anamtazama tu. Gozbert akafika mwisho wa ubao. Kisha akawa anakizunguka kitanda kikauke, anafukuza nzi na vumbi la barabara, bisibisi mfukoni, kama mtu anayesubiri habari nje ya wodi.

Bi Bahiya aliporudi, kiganja chake kilitoka upande mmoja hadi mwingine bila kusita.

"Sita," akasema. "Anza kesho. Ila vanishi usiipake siku ya mpira."

"Siku gani haina mpira, Bi Bahiya?" Gaudens akadakia.

Bi Bahiya hakucheka. Alimtazama Gozbert, akangoja jibu. Gozbert alimshukuru kwa Kihaya na kwa Kiswahili, akamsindikiza mpaka barabarani, akamsimamishia bajaji.

Akarudi anatembea upesi. Vitanda sita alikuwa navyo mkononi, na mkono wenyewe ulikuwa umeshafika skrubu ya nne ya kasha.