Mwalimu Anamwandikia Binti Yake

Kompyuta za kwanza kuingia majumbani mwa watu Sumbawanga zilikuwa zimeshatumika kwingine. Zilishuka na makontena Dar es Salaam, zikapanda malori hadi Tunduma, kisha zikala vumbi la barabara ya kuja kwetu. Zilipofika zilikuwa na mikwaruzo, na stika za ofisi za watu tusiowajua. Biashara ilikuwa imefunguliwa; mwenye ndugu nje aliletewa, mwenye duka aliagiza. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta Mbeya, nikarudi nyumbani kuchapa mitihani na kadi za harusi kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Mafundi redio walijaa mjini, lakini wa kompyuta walikuwa wa kutafuta. Kwa hiyo mashine ya mtu ikigoma, nilifuatwa mimi, ingawa nilichofundishwa zaidi kilikuwa kuchapa.

Mwalimu alikuja dukani msimu wa baridi, ule upepo wa Ufipa unaopenya hata kwenye koti la sufu. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, amefundisha shule za uwandani kuanzia Mpui hadi huku mjini, na mama yangu alipita mikononi mwake. Alisubiri wateja waishe. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za mama, ndipo akasema kwa sauti ya chini kwamba mashine yake haipeleki barua.

"Inasema imepeleka," akasema. "Lakini huko ziendako hazijibiwi."

Jioni ile nilimfuata nyumbani kwake, mtaa wa Chanji. Kompyuta ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio za zamani zilivyofunikwa, na pembeni yake simu ya mezani. Mkewe alikuwa ameketi kwenye mkeka akipepeta ulezi. Alinikaribisha, akaendelea na ungo wake, lakini niliona kwamba masikio yake yalikuwa mezani kwetu.

Habari za binti yao nilizijua, kama alivyozijua kila mtu aliyesali parokia yetu. Alikuwa novisi kwa masista, bado akijiandaa kuwa mmoja wao. Mwalimu, ambaye pia alikuwa katekista, alikuwa amekwisha kualika watu kwa ajili ya siku ya nadhiri, na ng'ombe wa sherehe alikuwa ameshafungwa kamba nyuma ya nyumba. Majuma machache kabla ya siku hiyo, binti akavua sare, akarudi nyumbani na sanduku lake. Baba yake hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba nyumba ile haikuwa na chumba chake tena. Binti akaenda Dar es Salaam, akasomea uuguzi, baadaye tukasikia yuko Uingereza, anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee.

Miaka ikapita. Halafu siku moja lori likashusha boksi kubwa lenye jina la Mwalimu. Ndani mlikuwa na kompyuta, na juu ya boksi binti alikuwa ameandika kwa wino mzito anwani yake ya barua pepe. Hakuandika neno jingine lolote. Mwalimu aliliacha boksi pembeni ya kabati muda mrefu, na mkewe akalifuta vumbi kila Jumamosi bila kuuliza. Kwaresima moja Mwalimu akalifungua. Akaomba simu ivutwe, akamwita kijana mmoja mwenye duka la vifaa amfungie kila kitu, akaanza kujifunza kuchapa kwa vidole viwili.

Nilimwuliza kwa nini asimpigie simu. Akanijibu kwamba namba waliyokuwa nayo ilikuwa haipatikani tena; na hata ingepatikana, simu humlazimisha mtu aseme kabla hajafikiri. Mara moja aliwahi kusema kabla ya kufikiri, akaniambia, na hiyo inatosha.

Niliwasha mashine. Ilitoa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, ikataka kitufe kibonyezwe, na Mwalimu akakibonyeza kabla sijasema kitu. Alikuwa ameambiwa ndivyo mashine za zamani zinavyoamka. Tukapiga namba ya mtandao, ambayo ilikuwa ya Mbeya. Modemu ikakwaruza na kulia, ikanyamaza, tukawa hewani. Nikafungua mahali zinapokaa barua zilizokwisha kwenda. Zilikuwapo. Sikukusudia kusoma, lakini ya kwanza ilifunguka yenyewe nilipoigusa, na Mwalimu hakunizuia.

"Mwanangu, ni mimi baba yako," iliandikwa. "Nilikufukuza kwa hasira. Hasira imekwisha, na wewe bado hujarudi."

Niliifunga upesi. Nikaandika neno moja la majaribio, nikalituma kwenye anwani yangu mwenyewe, nikaaga.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la intaneti, lililokuwa moja tu mjini, mashine zake zote zikigawana laini moja ya simu. Ukurasa ulifunguka taratibu kama mtu anayepanda kutoka bonde la Rukwa na gunia kichwani. Nikatazama barua zangu za juu: za rafiki zangu wa Mbeya, na matangazo. Neno langu la majaribio halikuwapo. Nikasema, basi, Mwalimu alisema kweli, mashine haipeleki.

Kuanzia hapo nilihangaika na mashine ile kama na mgonjwa asiyejua kueleza panapouma. Kwanza nilitilia shaka laini ya simu, kwa sababu kwenye kiungo chake dirishani waya ulikuwa umeota kutu. Nikaukwangua, nikaufunga upya. Mlio wa modemu ukawa safi zaidi, lakini barua ya pili ya majaribio nayo sikuiona. Nikapima virusi, nikavikuta, maana kijana aliyeifunga mashine alikuwa akiingiza diski za flopi zilizozunguka mji mzima. Nikavifuta. Nikaifuta programu ya barua pepe na kuiweka upya, nikihakikisha kwanza kwamba barua za Mwalimu hazipotei. Kila mara nilituma neno kwangu, kila mara nilikwenda duka la intaneti, na kila mara pale juu hapakuwa na kitu.

Mwalimu hakunilaumu. Kila nilipomaliza kujaribu jambo, aliketi akamwandikia binti yake tena, polepole, akitafuta kila herufi. Alimweleza mvua ilivyokuwa, maharage yalivyotoka, nani amezikwa na nani ameolewa. Akimaliza alizima kila kitu na kuchomoa waya ukutani kwa mazoea ya kuogopa radi, hata mvua zikiwa zimekwisha, na kwetu radi si jambo la kutania.

Jioni moja mkewe alinisindikiza hadi getini. Mikono ilikuwa na unga wa ulezi, akaificha ndani ya kanga.

"Mwanangu," akaniambia, "naomba nikuulize, na usinifiche. Mashine ni mbovu kweli?"

Nikamwambia ni mbovu, hata za kwangu hazifiki.

Akanitazama kwa upole, nikajua hakuniamini. Alidhani nilikuwa namwonea huruma mumewe, ndiyo maana naitafutia mashine makosa. "Basi endelea kusema hivyo," akasema. "Kama mtoto hajibu kwa kutaka kwake, huyu mzee asijue. Amekwisha kuwa mtu wa kukaa karibu na simu. Ikipigwa na mtu wa parokia, anasimama kabla haijalia mara ya pili."

Nilitembea hadi nyumbani na maneno yale. Yalinitia hofu, kwa sababu kabla ya hapo nilidhani natengeneza kompyuta tu.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, baada ya misa, nilipokwenda mara nyingine. Nilikuwa nimeamua kumwambia Mwalimu kwamba nimefika mwisho wa ujuzi wangu, amtafute fundi wa Mbeya. Alikuwa ameketi mbele ya skrini amevaa miwani, akipitia barua zake moja moja kama alivyozoea kupitia madaftari ya wanafunzi. Nikakaa, nikawa natafuta pa kuanzia. Akanitangulia.

"Hebu nieleze kitu kimoja," akasema. "Mashine hizi huhesabu siku namna gani? Kila barua ninayoandika, yenyewe inaandika kwamba ni sikukuu ya Mwaka Mpya."

Nikainama kutazama. Kweli. Pembeni ya kila barua palikuwa na tarehe, na zote zilikuwa tarehe moja ya Januari. Siyo Januari ya mwaka ule. Mwaka wenyewe ulikuwa wa nyuma sana, mwaka ambao binti yake alikuwa bado amevaa sare ya unovisi.

"Umeliona hili tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu mwanzo. Nilidhani ndivyo walivyoipanga huko Ulaya."

Nilichukua mtandio wangu, nikamwomba anisubiri, nikaenda duka la intaneti karibu nikikimbia. Nilipofungua barua zangu sikutazama juu. Niliomba ukurasa wa mwisho kabisa, nikangoja ufunguke, nikashuka chini hadi pasipokuwa na pa kushuka tena. Yalikuwa pale maneno yangu yote ya majaribio, yamepangana moja chini ya jingine, chini ya barua za zamani kuliko zote nilizowahi kupokea. Yalifika yote. Yalifika tangu siku ya kwanza.

Nilirudi nikawaeleza wote wawili, na mkewe aliacha ungo. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, kazi yake ni kuiwezesha saa kutembea hata mashine ikizimwa. Betri ile ilikuwa imekufa. Kila Mwalimu alipochomoa waya ukutani, au umeme ulipokatika wenyewe, saa ilisahau kila kitu ikarudi kwenye mwaka wa kutengenezwa kwake. Yale maandishi meupe ya kila inapowashwa yalikuwa yanalalamikia jambo hilohilo. Barua zilikwenda, lakini zilibeba tarehe ya zamani, na sanduku la mpokeaji hupanga barua kwa tarehe. Mtu mwenye barua nyingi za kazini hutazama za juu. Nani anashuka chini kutafuta barua mpya?

Mwalimu alivua miwani. Akamgeukia mkewe na kumwambia kitu kwa Kifipa. Mkewe akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda jikoni, na hakurudi mpaka chai ilipokuwa tayari.

Betri ya namna ile haikupatikana mjini. Nilimwomba kondakta wa basi la Tunduma aniulizie, na wakati tukisubiri nilimfundisha Mwalimu kurekebisha tarehe kwa mkono kila anapowasha. Barua aliyoandika siku ile ilikuwa fupi. Alimwomba binti yake ashuke mpaka mwisho wa sanduku lake, asome kuanzia huko kwenda juu. Alinisomea kwa sauti kabla ya kuituma, akaniuliza kama inaeleweka. Nikamwambia inaeleweka.

Jibu lilikuja kabla ya betri. Sikuwapo lilipofika, mkewe ndiye aliyenisimulia. Mwalimu alilisoma peke yake kwanza, midomo ikitembea, kisha akamwita mkewe, akaanza kumsomea, akashindwa katikati. Mkewe alikuwa hajui kusoma vizuri maandishi ya skrini, kwa hiyo walikaa hivyo hivyo mpaka mzee akapata sauti. Binti alisema alituma mashine ile akiwa ameapa kwamba yeye hatatangulia tena, baba ndiye aanze. Alingoja. Kila asubuhi kabla ya zamu alifungua sanduku lake akatazama za juu, na alipoona muda umepita sana alijiambia kwamba baba amelipokea boksi na bado hajamsamehe. Alikuwa ameanza kuacha kufungua. Barua zote za Mwalimu alizisoma siku moja, ameketi kwenye ngazi za kazini kwake, na mwenzake mmoja akadhani amefiwa.

Baada ya hapo waliandikiana kila juma. Mkewe naye akapata zamu yake. Alikuwa akisema, Mwalimu akichapa, na kwa kuwa mama alisema haraka kuliko vidole viwili vya mumewe, waligombana sana. Nilipopita kuweka betri niliwakuta katika ugomvi huo, kuhusu kuku.

Binti alikuja likizo mwaka uliofuata, wakati wa mavuno. Niliitwa kwenda kula. Nilitegemea furaha kubwa, lakini chakula kilikuwa cha kimya kidogo. Baba na binti walikuwa wameandikiana mambo mengi, na sasa, wakiwa meza moja, kila mmoja aliona haya. Walizungumzia barabara. Walizungumzia bei ya mahindi. Binti aliniuliza habari za kompyuta kwa urefu usio wa lazima, nami nikamjibu kwa urefu huohuo, tukisaidiana kuujaza ule ukimya.

Tulipomaliza, Mwalimu alinawa mikono, akavaa koti. Akamwambia binti yake avae viatu, wanakwenda kuwasalimu masista.

Binti alimtazama mama yake. Mama alikuwa akikusanya sahani.

"Baba, wanajua kwamba ni mimi?"

"Nimewaambia ninakuja na binti yangu," Mwalimu akasema.

Wakatoka. Mimi na mama yake tulisimama mlangoni tukiwatazama wakishuka na njia, Mwalimu mbele kidogo kama alivyozoea, halafu akapunguza mwendo mpaka wakawa sawa.