Nusu ya Maneno ya Mama

Harufu ya samaki wakavu wa ziwani Hamukungu hunirudisha, nitake nisitake, kwenye stoo ya Mama Zubeda kule Nyamwamba, mjini Kasese, ambako tulilala juu ya magunia msimu mzima wa mvua baada ya mto kuichukua nyumba yetu. Kabla ya hapo tulimjua kwa salamu tu. Alikuwa Mwislamu, mfanyabiashara aliyepeleka samaki hadi mpakani Bwera na kurudi na Kiswahili cha Kongo. Mama yangu, Mkonzo wa kabila la huko na mtu wa kanisani, alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, na haikuchukua muda wakaanza kutaniana. Mama akilalamika kuwa pilau ina mchele mwingi kuliko nyama, mwenzake alikuwa akimwambia kwamba mgeni mchaguzi mvua inamngoja nje. Mimi, Biira, na binti yake Zubeda tulisoma darasa moja na kulala gunia moja.

Mvua ilipopungua, shirika moja lilimtuma kijana mwenye kinasa sauti kukusanya habari za waliofurikiwa. Alikuwa mpole, wala hakumharakisha mama. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikasikia kila kitu. Mama alisema, “Tulipiga hodi kila mulango. Hakuna mutu alitufungulia. Ni Mama Zubeda pekee alifungua, akatupatia nguo ya watoto yake.”

Mwaka mpya ulipoingia, kalenda za shirika zilitundikwa kila duka, kuanzia Kasese, kupitia Kikorongo yanaposimama mabasi, hadi Bwera. Juu kulikuwa na uso wa mama, na chini yake, kwa Kiingereza, maneno yake: “Hakuna mtu aliyetufungulia.” Hapo wakaweka nukta. Zubeda alimsomea mama yake, ambaye hakujua kusoma. Mama Zubeda hakugomba. Alimkuta mama yangu akiosha sufuria, akamuuliza, “Mama Biira, ulisema ao haukusema?”

Mama hakuwa na kipaji cha uongo. “Nilisema, lakini...”

“Basi. Bwera yote iko nasoma.”

Kesho yake mama alikwenda ofisini kwa lile shirika, mimi nikiwa nyuma yake. Yule kijana alisikitika kweli, hilo siwezi kumnyima. Aliwasha kinasa sauti, tukamsikia mama akisema yote, hadi zile nguo za watoto. “Lakini ni maneno yako, mama,” alisema. “Hatukuongeza kitu. Nafasi kwa karatasi ilikuwa kidogo.” Mama aliomba kalenda zirudishwe, akaambiwa zimekwisha kusambazwa. Aliomba apewe basi ile sauti akamsikilizishe mwenzake, akaambiwa ni mali ya ofisi. Tukirudi alilia barabarani, mchana kweupe, nami sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo haina pa kwenda, kwa sababu hakuna aliyesema uongo.

Tulihama muda mfupi baadaye. Salamu ziliendelea, za heshima, fupi. Mwaka uliisha lakini kalenda hazikuisha; dukani tulifungiwa sukari kwa karatasi yenye uso wa mama, tukaukuta tena umebandikwa kwenye kibanda cha chapati. Mama alinunua chapati zake akaondoka bila kuinua macho.

Siku hizi mimi ndiye ninayeandika maneno ya watu, na kinasa sauti kimo katika simu ya kila mtoto. Nilidhani mambo yangekuwa rahisi zaidi. Naona nusu ya maneno ya mtu ikitoka Kasese asubuhi na kufika Bwera kabla chai haijapoa, na siwezi kuirudisha. Mama Zubeda alifariki mwaka jana. Msibani mama alikaa nyuma kabisa, kati ya watu waliomjua kwa ile picha. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. “Andika yote,” alisema, “ao uache.”

Nimeandika yote. Nimempelekea Zubeda kwenye simu, nikamwambia kwamba hatimaye maneno ya mama yapo kwenye maandishi, mazima. Amesoma. Amenijibu kwa swali moja tu: “Sasa nimusomee nani?”