Rasimu Nyuma ya Nakala

Kwa miaka ishirini na sita yule mpiga chapa hakuweka barua kwenye faili bila kubana rasimu yake nyuma ya nakala. Alifundishwa hivyo na shangazi yake, aliyeshika mashine ile ya kuchapa kabla yake. Kiingereza alikipata kwa jasho. Vile vineno vidogo, in, on, at, ndivyo vilivyomtoa roho, maana Kiswahili humalizana navyo kwa "kwa", "na" na "-ni" tu. Akavinunulia daftari, akaandika kila kimoja na neno linalokwenda nacho, mpaka vikamwingia kichwani.

Kisha akaletwa mkuu mpya wa idara, kijana mwenye shahada mbili, kalamu nyekundu na dharau ya kujaza debe. Mama wa watu akichapa "depends on", yeye anakata, anaandika "depends with".

"Bosi, hapa ni on."

"Mama, kazi yako ni vidole. Kichwa niachie mimi."

Alimwambia mara tatu, akajibiwa vilevile. Basi akawa anachapa kila alichoandikiwa.

Mkurugenzi akaanza kulalamika kwamba barua za idara ile zinatia aibu. Mkuu akamsukumia lawama mpiga chapa. Asubuhi moja akamtupia karatasi mezani: barua ya kumfukuza kazi kwa uzembe, na aichape mwenyewe. Mama wa watu alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Aliichapa neno kwa neno. Akabana rasimu nyuma, akabeba na faili zima, akampelekea mkurugenzi asaini. Mkuu alikuwa ameshatangulia, amekaa mguu juu ya mguu.

Mkurugenzi akasoma, akakunja uso. "Hata hii? 'Depends with' tena?"

"Funua nyuma, mzee."

Akafunua. Akavuta faili, akafunua barua nyingine, na nyingine. Kila rasimu ilikuwa na wino mwekundu. Mkuu akashusha mguu. Mkurugenzi akamgeukia mpiga chapa.

"Na wewe uliyajua makosa haya, ukayaacha yaende?"

"Nilisema mara tatu, nikaambiwa kazi yangu ni vidole. Nikaleta vidole."

Mkurugenzi akaichomoa barua kwenye rasimu, akaichana bila kusaini. Mkuu akalazimisha tabasamu. "Mama yangu, haya tungeyamaliza wenyewe kule ofisini."

Mpiga chapa hakumtazama. Alinyoosha mkono kwa mkurugenzi.

"Naomba hiyo rasimu yake, mzee. Inakaa kwenye faili."